Tumsikilize Kwanza Daktari wa Little Bighorn

Habari nyingi za mapigano ya Little Bighorn, yaliyopiganwa Montana, Marekani, tarehe 25 na 26 Juni 1876, kati ya jeshi la Marekani na Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, huanza na kuishia kwa George Custer, kamanda wa kikosi cha askari wa farasi, aliyeuawa pamoja na askari wote wapatao 210 aliokuwa nao. Kwa maoni yangu, shahidi wa kusikilizwa kwanza ni Henry Porter, kijana wa miaka 28, raia aliyeajiriwa na jeshi kwa mkataba ili awatibu askari wa farasi katika nchi ya mbali isiyo na hospitali.

Kikosi kilikuwa na madaktari watatu. George Lord alifuatana na Custer akafa. James DeWolf alivuka mto salama, akauawa akipanda ule mteremko mkali wa ng'ambo. Porter alikuwa msituni kando ya mto, ameinamia majeruhi, pale Meja Reno, aliyeongoza sehemu nyingine ya kikosi, na watu wake walipoanza kukimbilia kilima cha ng'ambo, nusura aachwe.

Juu ya kilima hicho, walikozingirwa, ndiko vita vinakoonekana vilivyo. Porter aliwalaza majeruhi katika kibonde kidogo, farasi na nyumbu wakiwa wamewazunguka kama ukuta, na wanyama hao wakaendelea kuanguka kwa risasi siku nzima. Idadi ya majeruhi ilipita 50, na daktari ni mmoja. Kilichowatesa zaidi ya vidonda kilikuwa kiu: mto waliuona pale chini, lakini kila aliyeteremka na chupa au sufuria alikwenda kujianika mbele ya bunduki. Mike Madden, mmoja wa waliokwenda kuteka, alivunjwa mguu kwa risasi, na Porter akaukata. Askari 24 walitunukiwa Medali ya Heshima, nishani ya ushujaa ya Marekani, kwa mapigano yale, wengi wao kwa sababu ya maji hayo. Nikifikiria ujasiri, huwaona hao wenye sufuria kabla sijamwona jemadari yeyote.

Kisha ikaja safari, ambayo wasimulizi wengi huipita haraka mno. Majeruhi walibebwa kwa machela, nyingine zikifungwa kwenye nyumbu, hadi ilipotia nanga meli ya mvuke Far West, wakalazwa sitahani juu ya nyasi mbichi. Meli iliteremka mtoni kama maili 700 kwa saa 54, Porter akiwahudumia njiani, ikafika mji wa Bismarck usiku wa tarehe 5 Julai.

Mwaka 1879 aliitwa Chicago mbele ya baraza la uchunguzi lililochunguza mwenendo wa Reno, akasema kwamba meja alionekana kubabaika kidogo. Naamini neno hilo kuliko hotuba za watetezi na washtaki wake, kwa kuwa msemaji hakuwa akitafuta cheo.

Hata hivyo, ushuhuda wake una upande mmoja, na jambo hili linaniuma. Walakota na Wacheyenne walikuwa wakilitetea kambi lao, lenye wanawake na watoto, dhidi ya jeshi lililowashambulia mchana kweupe. Wao pia walikuwa na majeruhi, na waganga wao waliwatibu. Jioni ya tarehe 26 waliondoka kuelekea kusini pamoja na majeruhi hao, na Porter, akiwa kilimani na wagonjwa wake, aliona tu msafara mrefu ukipotea katika moshi wa nyasi zilizochomwa.