Rungu la ulinzi shirikishi linaishia wapi?

Saa nane usiku mwizi amekata nondo za dirisha, yuko sebuleni na panga mkononi. Mwenye nyumba akimtandika bomba la chuma hadi akaanguka, sheria ya Tanzania iko upande wake. Vifungu vya 18 hadi 18B vya Kanuni ya Adhabu vinamruhusu mtu kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali, ilimradi nguvu anayotumia iendane na hatari iliyopo. Sasa sogeza saa mbele dakika kumi. Mwizi huyohuyo yuko kando ya mtaro, kafungwa mikono kwa kamba, panga wamemnyang'anya, vijana wa doria ya ulinzi shirikishi, wakazi wanaolinda mtaa wao kwa zamu, wamemzunguka. Hapo hakuna anayejilinda tena. Kifungu cha 18B kinasema anayeua kwa kuzidisha nguvu wakati wa kujilinda ana kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Anayemuua aliyefungwa kamba hata utetezi huo haumfai. Ajiandae kusomewa shitaka la mauaji.

Wanaoutetea ulinzi wa mtaani wana hoja nzito. Panya Road, magenge ya vijana wahalifu, walipoitikisa Dar es Salaam mwaka 2022, wakiingia nyumba kwa nyumba na mapanga, aliyepiga simu polisi bado alibaki na dakika zake za kusubiri. Jirani mwenye filimbi alikuwa karibu zaidi. Hata sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi, zilizaliwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980: ng'ombe waliibwa, silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera, na wanakijiji wakachoka kumpeleka mwizi kituoni Jumatatu wakakutana naye mnadani Ijumaa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaunga mkono.

Na mamlaka ya kukamata vikundi hivi vinayo. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa mgambo mamlaka hayo, marekebisho ya 1989 yakayafikisha kwa vikundi vya aina ya sungusungu. Hata raia asiye na kikundi anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa.

Tatizo liko kwenye huko kuchelewa. Kati ya kamba na kituo kuna nusu saa isiyo na mwenyewe, na ndani yake kijana wa doria hugeuka mpelelezi, hakimu na askari jela. Magazeti yataandika kesho kuwa marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira haina mwenyekiti wala zamu. Nusu saa hiyohiyo ndiyo anayokutana nayo muuguzi anayetoka zamu ya usiku, au kijana mgeni aliyepotea njia. "Unatoka wapi? Toa kitambulisho." Asiyelipa ada ya ulinzi anajua maswali hayo huwa marefu kwake.

Sikubaliani na wanaotaka vikundi hivi vifutwe. Vikifutwa, wezi hawataondoka, na watu watajikusanya bila hata orodha ya majina. Lakini pia siwezi kumtwisha lawama yote kijana aliyepewa rungu na tochi, asiye na siku moja ya mafunzo, akaambiwa alinde mtaa. Akivunjwa mkono na mwizi anajitibia mwenyewe. Akimvunja mwizi, anakwenda mahakamani peke yake. Aliyemtuma yuko nyumbani kalala.

Kwa hiyo lawama ianzie kwa aliyetuma. Serikali ya mtaa inayoandaa zamu iwe na daftari: majina ya waliolinda usiku huo, saa waliyomkamata mtu, hali aliyokuwa nayo, saa waliyomfikisha polisi na namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Mwenyekiti atie saini kila asubuhi. Mtu akifikishwa kituoni mguu umevunjika wakati daftari linasema alikamatwa mzima, mwenyekiti awe wa kwanza kuandika maelezo.