Tochi Nayo ni Mizani

Ukipanda basi la alfajiri Mbeya kwenda Dar es Salaam, kabla hujafika Makambako utakuwa umeshaona madereva wakiwashiana taa mara kadhaa. Abiria wote wanajua maana yake: mbele kuna tochi, yaani kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Wengi huhitimisha papo hapo kwamba madereva wanalindana wavunje sheria, na kwamba madai yao ya kutaka utaratibu wa wazi wa tochi ni kilio cha watu waliozoea kukimbiza. Nadhani tunawaonea.

Hoja ya trafiki ni nzito. Barabara hii inakatiza Ilula, Mafinga, Chimala na Igurusi, na watoto wanaivuka kwenda shule. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa gari likimgonga mtembea kwa miguu kwa kilomita 65 kwa saa badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka mara 4 na nusu. Na askari akisimama peupe mahali palepale kila siku, madereva watapunguza hapo tu, kisha wakanyage mafuta. Kwa hiyo hata kujificha kuna mantiki yake.

Ila madereva hawabishi kupimwa. Wanabishania kipimo.

Mkulima wa viazi wa Njombe anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Amepigana na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa sababu gunia lisilo na kipimo kinachokubalika humfanya mnunuzi kuwa ndiye mizani. Mizani ya sokoni na pampu za mafuta hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na stika hubandikwa mteja aione. Tochi inamtoza mtu shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa nini dereva asionyeshwe kwamba nayo imekaguliwa, na lini?

Tena tochi hazifanani. Ya rada hutuma mwale unaotanuka kadiri unavyokwenda. Mwale wa nyuzi 12, ukifika mita 300, umeshakuwa na upana wa zaidi ya mita 60: barabara nzima na pembeni yake. Ndani ya upana huo kukiwa na lori na gari dogo la Noah linalolipita, lori kwa ukubwa wake laweza kurudisha mawimbi yenye nguvu zaidi, na namba inayotokea kwenye kioo haisemi ni ya nani. Tochi ya leza ina mwale mwembamba sana. Kwa umbali huohuo hulenga eneo la kama mita 1, na zipo zinazopiga na picha. Kanuni inayosema ni tochi ipi itumike wapi, na kwa umbali gani, haimsaidii mkimbizaji hata chembe. Inamsaidia asiye na kosa.

Kisha kuna picha yenyewe. Aliyepiga tochi yuko nyuma kilomita kadhaa. Anayekusimamisha amepokea picha kwenye simu. Picha hiyo ingepaswa kuonyesha mwendo, saa, namba ya gari, umbali, na zaidi ya yote mahali. Nasisitiza mahali, kwa sababu ugomvi mwingi ninaousikia ndani ya mabasi uko kwenye kibao cha 50, kinachozuia kuzidi mwendo huo: kimeanguka, kimefunikwa na majani, au kile cha kumaliza 50 hakipo kabisa. Basi linaruhusiwa 80 nje ya makazi. Mita 200 tu zinatosha kumgeuza dereva mwema kuwa mkosaji.

Mtu atasema, asiyeridhika aende mahakamani. Haki hiyo ipo kisheria. Lakini dereva yuko Igawa na abiria zaidi ya 50, mmoja ana mgonjwa, mwingine anawahi msiba, na wote wanampigia kelele aondoke. Analipa. Ukiniuliza, hapo hakuna aliyejua kama alikimbia au hakukimbia, na kesho trafiki yuleyule atakapompungia mkono, atasimama akiwa ameshaamua kwamba anaonewa.