Kitufe Kimoja, Kazi Tatu

Mimi si mtu wa kulalamika. Muulizeni mke wangu, Mama Neema: nalalamika kabla ya chakula, baada ya chakula, na umeme ukikatika. Sasa ninyi wa Goma pigeni hesabu wenyewe.

Shemeji yangu wa Ubelgiji amenitumia sintesaiza, kinanda cha umeme cha kutengenezea sauti. Nimeileta Majengo juu ya piki, nimeikumbatia kama bibi harusi. Nachomeka ralonji, nawasha, taa zinacheka, nabonyeza. Kimya. Kumbe haina spika! Mashine ya sauti isiyo na sauti, mpaka ukaazime ampli. Basi nikaazima.

Halafu ndiyo nikakutana na kitufe cha Shifti. Kila kitufe kina jina jeupe juu, jina la rangi ya chungwa chini, na jina la tatu limejificha kwenye kitabu. Kitabu kinasema: shikilia Shifti, bonyeza hiki, zungusha kile. Sawa, na muziki nipige na nini, na pua? Mungu alinipa mikono miwili. Chukudu ni mbao na magurudumu mawili, inabeba viazi kuliko gari, na mtoto akiishika siku ya kwanza anajua mbele ni wapi. Hakuna Shifti kwenye chukudu.

Na hicho kioo chake! Kidogo kama kiberiti. Kinaandika «Flt Env Amt». Wiki nzima nilidhani ni jina la fundi aliyeitengeneza.

Maestro wetu wa korali, mzee anayejua mambo, alinicheka. Akasema sintesaiza ya zamani, Minimoog ya mwaka 1970, ilikuwa na nobu yake kwa karibu kila kazi, unaiona, unaizungusha, basi. Lakini haikuwa na kumbukumbu; sauti uliyoitafuta ulichora nobu zote kwenye karatasi ili uipate kesho. Ikaja DX7 ya Yamaha mwaka 1983, ikakumbuka sauti 32, ila kuzibadilisha ni kupitia kidirisha cha mistari miwili, herufi 16 kila mmoja. Watu wengi wakachoka, wakabaki kupiga sauti za kiwandani. «Kwa hiyo, papa, wewe si wa kwanza kuteswa,» akaniambia. Asante, maestro, nimefarijika sana.

Yangu ina kumbukumbu za kumwaga, lakini mpaka uihifadhi kazi yako. Nimekaa siku tatu natengeneza ogani ya Pasaka, tamu, ya kuliza mapasta. Kidole kiko njiani kuelekea kitufe cha kuhifadhi, umeme ukaenda. Nikaanza upya, nusu nusu.

Jumapili, katikati ya «Haleluya», umeme ukaenda tena. Jenereta ikakohoa, ikawaka, mashine ikaamka na sauti ya kwanza ya kiwandani. Nikashusha vidole. Vuuuuum, hadi viti vikatetemeka! Tangu usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, mtu wa Goma hangoji maelezo kwa mngurumo kama huo. Nusu ya waumini walishashika mabegi, wa nyuma wako nje wanaangalia Nyiragongo. Pasta aliniangalia kwa jicho ambalo halimo kwenye Biblia.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja papo hapo: ombi lako ni muhimu sana kwetu, na namba ndefu kama ya gereza. Siku tisa baadaye akaja mtu kamili. Je, umeichomeka? Nimeichomeka. Basi izime, subiri sekunde 10, iwashe. Nikamjibu: ndugu yangu, hapa kwetu kuna watu wanatufanyia hilo kila siku bila kuombwa. Hakucheka. Akasema nipakue programu mpya kwa kompyuta, ambayo sina. Nikishindwa, nitume mashine kwenye kituo chao kilicho karibu nami, kule Ulaya. Nauli yake peke yake ingeninunulia mbuzi, na mbuzi naye anatoa sauti bila ampli. Mwisho wakaniuliza nimeridhika kwa nyota ngapi.

Sasa nimebaki na sauti ya kiwandani namba 4, inayofanana na filimbi yenye mafua. Mama mmoja anayeimba sauti ya kwanza kwenye korali ameahidi kwamba Jumapili atasimama karibu yangu, anishikie Shifti huku akiimba. Mama Neema amesikia. Anasema atakuja kuishika yeye.