Nionyesheni picha ghafi kwanza

Siku hizi picha ya hadubini ikitoka na ukungu, haraka inapitishwa kwenye programu ya akili mnemba, na inarudi imenyooka, kingo zake zinaonekana, rangi zimetulia. Wengi wanashangilia. Mimi napata wasiwasi, na si kwa sababu naichukia teknolojia. Uchakataji wa picha na mawimbi ni fani ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuzisoma, na ndiyo maana nataka iheshimiwe. Ninachodai ni kimoja: kila picha iliyosafishwa iambatane na picha ghafi iliyoizaa, na aliyeisafisha aseme kipi kimeletwa na mwanga na kipi kimejazwa na programu.

Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia wa mji wa Jena, Ujerumani, aliyefanya kazi bega kwa bega na mtengenezaji wa hadubini Carl Zeiss, alionyesha kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Fomula yake imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake huko Jena. Kwa mwanga wa kijani na lenzi nzuri inayotumiwa na tone la mafuta, mpaka huo ni kama nanomita 200 (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo inaonekana vizuri, na kimelea cha malaria kilichojificha ndani yake kinaonekana pia. Lakini kirusi cha VVU, chenye upana wa nanomita 120 hivi, kinabaki doa lisilo na umbo. Ukuze picha mara mbili, mara kumi, utapata doa kubwa zaidi. Habari za umbo lake hazikuingia kwenye lenzi, na kisichoingia hakichakatwi.

Hapo ndipo watu wanaporuka. Wanadhani ukungu ni uchafu uliofunika picha kamili iliyoko chini yake, na kwamba kazi ya kompyuta ni kuufuta tu. Wakati mwingine ni kweli. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 kioo chake kilikuwa na kasoro ya umbo, na kwa kuwa kasoro hiyo ilipimika, wanaastronomia waliweza kurudisha sehemu ya ukali wa picha kwa hesabu hadi wanaanga walipokwenda kufunga vioo vya kurekebisha Desemba 1993. Ila hesabu ile ilikusanya tu mwanga uliokuwa umetawanyika. Mwanga wenyewe ulikuwa umefika.

Sasa linganisha na kilicholeta Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2014, waliyopewa Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner kwa kuuvuka mpaka wa Abbe. Njia ya Betzig ndiyo inayonigusa zaidi. Alikuwa ameacha utafiti akaenda kufanya kazi katika kampuni ya baba yake ya mashine za viwandani, kisha akarudi bila ajira, na yeye na rafiki yake Harald Hess wakaijenga hadubini yao sebuleni kwa Hess, huko La Jolla, California. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Walitumia protini zinazong'aa zikichokozwa na mwanga wa rangi fulani. Badala ya kuziwasha zote, walichokoza kwa mwanga hafifu, zikawaka chache chache, mbalimbali. Kila molekuli ilitoa doa la ukungu lenye upana wa nanomita 200 na zaidi, kama Abbe alivyosema. Lakini ukijua kwamba doa ni la molekuli moja tu, unaweza kukokotoa kitovu chake, kama vile mtu anavyojua shina la mwembe liko wapi kwa kutazama duara la kivuli chake saa sita mchana. Unaandika mahali pake, zinazimika, unachokoza nyingine, unapiga tena. Baada ya maelfu ya picha, vitovu vyote vinawekwa pamoja na umbo linajitokeza.

Uzuri wake ni kwamba kila nukta katika picha hiyo ina hesabu yake ya makosa. Usahihi wa kitovu unaongezeka kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha idadi ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizokusanywa: kwa fotoni 100 kosa hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi ya upana wa doa, kwa fotoni 10,000 hadi sehemu moja ya mia. Mtafiti anaweza kukuambia, "nukta hii iko hapa, na nikikosea ni kwa nanomita 10." Mpaka ulivukwa kwa kupata habari mpya kutoka kwenye sampuli. Hakuna aliyekisia.

Programu ya kunoa picha haifanyi hivyo. Imefundishwa kwa maelfu ya mifano, ikiona doa inauliza: kwa kawaida doa kama hili huwa nini? Kisha inachora jibu. Juni 2020 watu walijaribu programu moja iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, inayotengeneza sura kamili kutoka picha yenye pikseli chache. Walipoipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ilitoa sura ya mzungu. Sura ile ilikuwa kali, yenye vinyweleo na mng'ao wa macho. Haikuwa na kasoro yoyote isipokuwa kwamba si yeye. Mtoto wa Mjaluo alipotea kwa sababu programu haikuwa imeona watu wa kutosha wanaofanana naye.

Wala haihitaji akili mnemba. Agosti 2013, mwanasayansi wa kompyuta Mjerumani, David Kriesel, alifichua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Kwenye ramani ya jengo, vyumba vitatu vyenye mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vimeandikwa 14.13. Ili kupunguza ukubwa wa faili, mashine ilitafuta vipande vya picha vinavyofanana, ikahifadhi kimoja na kukirudia penginepo. Kampuni ilibidi itoe marekebisho ya programu. Skani ya zamani ikishindwa kusoma tarakimu hutoa ukungu, nawe unajua kwenda kuuliza. Hii ilitoa tarakimu safi ya uongo.

Nayasema haya nikiwaza maabara zetu. Mtaalamu wa maabara anayesoma slaidi ya malaria iliyopakwa rangi ya Giemsa anatakiwa kupitia angalau sehemu mia moja za slaidi, kwa ukuzaji wa mara elfu moja, kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Ni kazi ya kuchosha macho, na programu inayomsaidia kuhesabu naiunga mkono kwa moyo wote, maadamu inamwekea kipande cha picha halisi mbele yake na kumwambia: nimeshuku hapa, angalia. Ninayoipinga ni ile inayoichora slaidi upya kabla hajaiona. Chembe ya rangi iliyoganda inaweza kugeuzwa kimelea kizuri cha umbo la pete. Mtoto atapewa dawa mseto, na homa yake yenye chanzo kingine itaendelea. Na slaidi zilizoifundisha programu zilipakwa rangi wapi, na nani, kwa maji gani? Rangi ya Giemsa hubadilika kwa tindikali ya maji tu.

Mfano wa njia ninayoitaka tayari upo, na mikono ya Watanzania imo. Hadubini ya OpenFlexure, iliyoanzia vyuo vikuu vya Uingereza, mwili wake ni plastiki inayochapwa kwa printa ya 3D, na ina kamera na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Wahandisi wa Dar es Salaam na watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wameshiriki kuiunda na kuijaribu. Plastiki yake inapinda kidogo kidogo na kuisogeza lenzi kwa hatua zilizo chini ya nanomita 100. Michoro yake iko wazi, na programu yake pia, kwa hiyo fundi anaweza kufuatilia picha tangu kwenye kihisio cha kamera hadi kwenye skrini na kujua kila kilichofanyika njiani. Hilo kwangu lina thamani kuliko mashine ya bei kubwa iliyofungwa kama sanduku.

Vyuo vyetu navyo vina deni. Mwanafunzi wa uhandisi anakariri mageuzi ya Fourier, hesabu ya kuligawa wimbi katika mawimbi sahili, kwa ajili ya mtihani, anafaulu, na hajawahi kufunika kamera kwa kifuniko, kupiga picha ya giza tupu na kupima kelele iliyomo, yaani vidoa ambavyo kamera inavizusha yenyewe bila mwanga. Mpeni kamera ya bei rahisi na muhula mmoja wa kazi hiyo. Atakayeipitia hatadanganywa na picha kali.

Na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, pamoja na mamlaka nyingine za ukanda huu zinazosajili vifaa tiba, naziomba zisipitishe kifaa chochote cha kunoa picha bila kitufe kinachomrudisha mtumiaji kwenye picha ghafi, na bila muuzaji kutaja picha zilizoifundisha programu yake zilitoka wapi. Akisema hiyo ni siri ya biashara, arudi nacho.