Klipu ya Sukari Inakuambia Uache Nini?

Siku hizi kwenye foleni ya kliniki ya kisukari hakosekani mgonjwa mwenye klipu ya kusifia tiba fulani kwenye simu. Kaipata kwa shemeji au kwenye grupu la ukoo, na juu yake kuna vile vimishale viwili ambavyo WhatsApp huweka ujumbe ukishasambazwa mara tano au zaidi tangu ulikoanzia. Akimwonyesha mhudumu, jibu analopata mara nyingi ni "achana na mambo ya mitandaoni." Jibu hilo ni la uvivu, na isitoshe halifanyi kazi. Mgonjwa ataendelea kutazama, ila safari ijayo hatasema.

Wataalamu wana vigezo vyao vya siku nyingi vya kupima kama habari za afya zinaaminika. Kuna DISCERN, iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1990: maswali 16, kila swali alama 1 hadi 5. Kuna nembo ya HONcode, iliyokuwa ikitolewa na taasisi ya Geneva kwa tovuti zilizotimiza masharti yake. Taasisi hiyo ilifunga shughuli mwishoni mwa 2022, kwa hiyo nembo ukiikuta leo ujue hakuna anayeikagua. Vigezo hivi viliandaliwa kwa maandishi yenye mwandishi, tarehe na marejeo. Sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa jikoni haina hata kimoja. Ndiyo maana naona mgonjwa wa kwetu aanze na maneno yenyewe, na swali lake la kwanza liwe: huyu ananiambia niache nini?

Chukua ujumbe wa aina hii: "Chemsha majani ya mlonge, kunywa glasi moja asubuhi na moja jioni kwa siku 21. Sukari yangu ilikuwa 15 ikashuka hadi 7. Vidonge nimetupa."

Sentensi ya hatari hapo ni ya mwisho. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, ndani ya siku moja au mbili anaweza kuanza kutapika, kupumua kwa kasi na kutoa pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva sana. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Msemaji hakutaja ana kisukari cha aina gani, na hilo pekee linatosha kukufanya usimfuate.

Sasa hizo namba. 15 ilipimwa saa ngapi? Kama ni saa moja baada ya wali na soda, na 7 ikapimwa asubuhi kabla ya kula, basi mlonge haujathibitisha kitu, maana sukari hupanda baada ya chakula na kushuka yenyewe. Kipimo cha maana hapa ni HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Siku 21 hazitoshi kukifanya kiseme sawasawa. (Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amweleze daktari kabla ya kukiamini, kwani kinaweza kudanganya.) Halafu majani kiasi gani, mabichi au makavu, maji lita ngapi? Mlonge umefanyiwa utafiti, lakini mwingi ni wa panya, na ule wa binadamu ni wa watu wachache. Anayeuongeza juu ya glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ajue kwamba sukari ikienda chini ya 4 atatetemeka, atatoka jasho na anaweza kuzimia.

Kuna mtego mwingine ambao hauna tapeli ndani yake: vizio. Mashine zetu za kupimia husoma kwa milimoli, video za Marekani husema kwa miligramu. Daktari wa huko akisema 126 kabla ya kula ni kisukari, gawanya kwa 18 upate 7. Mtu asiyejua hilo anaona mashine yake imeandika 9, anasikia "chini ya 100 ni salama", anafurahi. Ichanganye na HbA1c ya asilimia 7, ambayo ni wastani wa sukari wa takriban 8.6 kwenye mashine, na hapo hata muuguzi huhitaji kalamu. MedlinePlus ya Marekani ina vipeperushi vya Kiswahili vinavyoaminika, ila hesabu hiyo ya kugawanya kwa 18 uwe nayo.

Kwa wanaouza, neno la kuchunguza ni "imesajiliwa". Imesajiliwa wapi? Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kinaonyesha kwamba biashara ipo. Alama ya TBS, shirika la viwango, kwenye unga wa majani inahusu ubora wa bidhaa, haisemi kwamba unga huo unatibu. Dawa ya hospitali husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ya asili ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize muuzaji namba ya usajili ya dawa yenyewe. Akikutumia picha ya leseni ya duka, umeshajibiwa. Na usidhani cha asili hakina kemikali: katika nchi mbalimbali, dawa za mitishamba za maumivu ya viungo zimekutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo humpandishia sukari huyu huyu mgonjwa wa kisukari.

Unapotafuta mwenyewe, angalia unavyouliza. Ukiandika "mlonge unatibu kisukari" utaletewa kurasa zinazokubaliana nawe. Andika "mlonge" pamoja na "madhara" na jina la kidonge unachomeza, uone zinavyobadilika. Ukiona "hupunguza hatari kwa nusu", uliza nusu ya ngapi, kwa sababu kutoka watu 2 hadi 1 kati ya 1,000 nayo ni nusu. Tarehe nayo itazame: Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na dawa mseto ikaanza kutumika mwishoni mwa 2006, lakini ushauri wa zamani haujifuti mtandaoni. Programu za akili bandia ziulize zikufafanulie neno gumu. Dozi usichukue huko.

Ukienda kliniki, usimsimulie daktari video nzima; dakika zake ni chache. Andika sentensi moja inayokuvutia, jina la kitu na kiasi kilichotajwa, na dawa zako zote, za duka la dawa na za mitishamba. Muulize mambo mawili: kinagombana na dawa zangu? Nikikijaribu bila kuacha vidonge, nipime sukari mara ngapi, na nisimame ikifika ngapi? Naye mhudumu ajibu kwa namba, aziandike kwenye daftari la mgonjwa, kwa mwandiko unaosomeka.