Umeme wa nyumbani haupotelei kwenye taa

Sisi tulio ughaibuni tuna mazoea ya kutuma nyumbani ushauri wa kubana umeme: ziba mianya ya madirisha, badilisha balbu, chomoa chaja. Sehemu kubwa ya ushauri huo umetungwa kwa ajili ya nyumba zinazopambana na baridi. Huku bili huliwa zaidi na kupasha vyumba joto, kazi ambayo nyumba iliyo kwenye nchi ya joto haina kabisa. Uniti za nyumbani humalizwa na maji ya moto, friji, pasi, na kiyoyozi kwa walio nacho. Kwa hiyo naona tunawapotosha ndugu zetu. Popote mtu anapoishi, aanze na kifaa kinachotengeneza joto au kinacholiondoa. Taa zije mwisho.

Hesabu ya maji inaonyesha vizuri. Tangi la lita 50 likipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 linakula uniti 2 hivi. Kwa uniti hizo, balbu ya LED ya wati 9 ingewaka usiku na mchana kwa zaidi ya siku tisa. Huku maji huingia yakiwa na nyuzi 10, na tangi lile lile linataka karibu uniti 3. Ndiyo maana huku inalipa kulifunika tangi na mabomba kwa vifuniko vya kuzuia joto. Nyumbani inalipa zaidi kuwahi swichi: hita ya wati 2,000 inahitaji takriban saa moja kufikisha joto hilo, basi iwashwe saa moja kabla ya kuoga, kisha izimwe. Ikiachwa imewaka kutwa, tangi linapoa polepole, themostati inalipasha tena, na unalipia maji ambayo hakuna aliyeyagusa. Lakini usijaribu kubana kwa kuishusha themostati hadi nyuzi 40. Tangi vuguvugu ni makazi mazuri ya bakteria wanaoshambulia mapafu. Liache lifike 60, halafu uchanganye na maji baridi.

Na kuoga kwa ndoo, ambako baadhi yetu tukishavuka mipaka tunakudharau, hakuna bomba la mvua linalokufikia kwa nafuu. Lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 ni theluthi ya uniti. Bomba linalotoa lita 9 kwa dakika, likifunguliwa dakika 10, limemwaga lita 90, yaani zaidi ya uniti moja na nusu kwa joto hilo hilo.

Friji nayo haipumziki, na nyumbani inafanya kazi ngumu kuliko huku kwa sababu hewa inayoizunguka ni ya moto. Iachie nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma. Joto inalolitoa chakulani hutokea huko, na likikosa pa kwenda kompresa haizimi. Koili za nyuma zikijaa vumbi matokeo ni yale yale: chomoa, zifute kwa brashi laini. Kisha bana karatasi kwenye mlango na uivute. Ikichomoka bila kukaza, mpira umechoka au ni mchafu. Uoshe kwanza kwa maji ya sabuni, maana mara nyingi tatizo ni uchafu tu. Ndani, nyuzi 4 zinatosha. Kwenye friza, 18 chini ya sifuri. Barafu ikinenepa, izime iyeyuke yenyewe. Anayeikwangua kwa kisu anaweza kutoboa mrija wa gesi, na hapo akiba yote ya mwaka inaishia kwa fundi.

Pazia ni lile lile pande zote mbili, ila saa zake ni kinyume. Huku linafunguliwa jua likipiga dirishani na kufungwa jua linapozama. Nyumbani lifungwe kabla jua halijafika, na bora zaidi ni kivuli cha nje, kama mti, baraza au turubai, kwa sababu mwanga ukishavuka kioo, joto limeshaingia. Ushauri wa kuziba mianya ndio unaonikera zaidi. Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yanatoa joto nje. Zibeni tu chumba chenye kiyoyozi, kikiwa kimewashwa. Chumba chenye jiko la mkaa au la gesi kisizibwe kamwe: kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Hata huku, nyumba iliyozibwa kila upande hubaki na unyevu, na kuta huota ukungu.

Kiyoyozi kidogo huvuta wati 1,000 hivi kompresa ikifanya kazi. Feni, 50 hadi 70. Viwashe pamoja, kiyoyozi kikae 26 badala ya 20, na safisha chujio lake kila wiki mbili hadi nne. Feni inapoza ngozi tu, haipozi chumba. Ukitoka, izime.

Jikoni, funika sufuria. Maharage yaloweke saa nane au zaidi, umwage maji hayo, uyachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 (mabichi yana sumu), kisha hamishia sufuria kwenye kikapu chenye kitambaa au pamba ya unene wa sentimita 10 na uyaache yaive kwa joto lake.

Kama huamini namba hizi, iulize mita yako. Mita nyingi za kidijitali zina taa ndogo inayomweka na maandishi kama 1000 imp/kWh, maana yake mimweko 1,000 ni uniti moja. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, hesabu mimweko kwa dakika moja na uzidishe kwa 60: hizo ndizo wati zake. Mita ikiandika 1600, zidisha kwa 37.5. Na ikiendelea kumweka kila kitu kikiwa kimechomolewa, mwite fundi akague nyaya kwanza.