Mtoto Ni Mmoja, Mafungu Mawili ya Nini?

Mfikirie kijana wa miaka 13 asiyejua kusoma. Mwalimu akianza kuita majina ya watakaosoma kwa sauti, tumbo linamvuruga. Anaomba ruhusa ya kwenda chooni, au anawachokoza wenzake makusudi ili atolewe nje, maana kwake heri kuitwa mtukutu kuliko kuitwa mjinga. Miezi inapita, anaanza kutoroka shule, kisha hata kuzungumza nyumbani hataki. Huyu ana tatizo la kusoma au la afya ya akili?

Kwa wafadhili wengi, jibu linategemea fomu iliyojazwa. Fungu la fedha za elimu linanunua vitabu, fungu la afya linalipa washauri nasaha, na kila moja lina ofisi yake na ripoti zake. Mwalimu wa kusoma akimwona mtoto analia, hana mahali pa kumpeleka. Mshauri akigundua kwamba chanzo cha huzuni ni ubao na chaki, kazi yake inaishia hapo. Utengano huu unawaumiza watoto, na mimi nasema mafungu haya yaunganishwe.

Umri wenyewe ni mmoja. Benki ya Dunia na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto takriban 7 kati ya 10 hufika miaka 10 bila uwezo wa kusoma na kuelewa habari nyepesi. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili.

Jambo linalonikera zaidi ni muda. Mradi wa mwaka mmoja! Kijana aliyezoea kuchekwa huchukua miezi mingi kumwamini mtu mzima. Anapoanza kufunguka, fedha zimekwisha na mshauri ameshaondoka. Mradi huo unamwachia jeraha jingine.

Mifano ya kufanya vizuri zaidi ipo. Kati ya 1883 na 1929, fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, ziligharimia maktaba zaidi ya 2,500, na kwa kawaida alidai mji utoe kiwanja na kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya kuiendesha. Sharti hilo nalipenda kuliko majengo yenyewe. Na jijini Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi kwenye benchi na wenye msongo, kuwasikiliza na kutafuta nao njia ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo anayetaka kusaidia vijana wa mjini, kabla ya kufikiria jengo lenye jina lake ukutani, alipe mishahara. Mwalimu wa kusoma na msikilizaji mmoja, chumba kimoja, miaka mitano, na mchango wa halmashauri ya jiji uandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.